Nani ameshika mpini? Uwajibikaji wa viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya na Umoja wa Afrika

Mwaka 2017 Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba safari ya kwenda kwenye shirikisho la kisiasa ipitie kwanza konfederesheni, yaani muungano ulio legevu zaidi ambao nchi hubaki huru. Wataalamu wa kuandaa rasimu ya katiba yake wakateuliwa, wakaanza kukusanya maoni ya wananchi. Anayesimama mbele yao hana siku nzima ya kusema. Ana dakika zake chache, na wengi huzitumia kwa ombi moja: wabunge wa Afrika Mashariki wachaguliwe na wananchi moja kwa moja.

Ombi hilo lina haki yake, ila si la kwanza. Ukiziweka Arusha, Brussels na Addis Ababa, yaani makao ya Jumuiya, ya Umoja wa Ulaya na ya Umoja wa Afrika, ubavu kwa ubavu, utaona kwamba kura ya kumwingiza kiongozi wa juu hutofautiana kidogo tu. Pengo kubwa liko kwenye kumwondoa, na kwenye mlango ambao mwananchi anaweza kuubisha kabla mambo hayajapoa. Ulinganisho huu ni wa watu wa aina mbili: anayejiandaa kutoa maoni ya katiba, na mwenye lalamiko dhidi ya chombo cha Jumuiya leo hii.

| Swali | Jumuiya ya Afrika Mashariki | Umoja wa Ulaya | Umoja wa Afrika |
|---|---|---|---|
| Nani humweka mtendaji mkuu? | Wakuu wa Nchi, kwa jina lililopendekezwa na nchi yenye zamu | Wakuu wa Nchi na Serikali hupendekeza, Bunge la Ulaya hupiga kura | Wakuu wa Nchi, kwa kura ya siri ya theluthi mbili |
| Muhula | Miaka 5, haurudiwi | Miaka 5, unaweza kurudiwa | Miaka 4, hurudiwa mara moja |
| Wabunge hutoka wapi? | Huchaguliwa na mabunge ya kitaifa, 9 kila nchi | Kura ya wananchi | Wabunge wa kitaifa, 5 kila nchi |
| Bunge linaweza kumng'oa? | Hapana | Ndiyo, pamoja na Kamisheni nzima | Hapana |
| Mwananchi anaweza kushtaki chombo chenyewe? | Ndiyo, ndani ya miezi 2 | Ndiyo, kwa masharti magumu | Hapana |

Jedwali hili lina kasoro moja: linawaacha nje Wakuu wa Nchi wenyewe, ambao pote patatu ndio wenye neno la mwisho kwenye mambo mazito. Huko hakuna bunge linalomwajibisha mtu. Rais wa Baraza la Ulaya, yaani kikao cha Wakuu wa Nchi na Serikali wa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huchaguliwa na wakuu hao kwa miaka miwili na nusu. Huleta ripoti bungeni, lakini Bunge haliwezi kumtoa. Kwa hiyo tunapozungumzia uwajibikaji hapa, tunazungumzia ngazi ya watendaji: Katibu Mkuu wa Arusha, Kamisheni ya Brussels na Kamisheni ya Addis Ababa.

Kuingia madarakani

Ibara ya 67 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iko wazi. Katibu Mkuu huteuliwa na Wakuu wa Nchi kwa zamu. Nchi yenye zamu huleta jina, na jina hilo ndilo hupita. Hakuna mshindani, na Mkataba hauitaji usaili wa hadharani wala kura ya Bunge. Mwananchi wa Kigoma au Mbale hulisikia jina siku ambayo limeshaamuliwa. Zamu ina faida ambayo haifai kubezwa: inazuia nchi kubwa kukikalia kiti milele, na Jumuiya ya kwanza, iliyovunjika 1977, iliuliwa kwa sehemu na hisia kwamba kuna anayefaidi zaidi ya mwenzake. Dibaji ya Mkataba wa sasa inalisema hilo, na inataja pia ushiriki mdogo wa sekta binafsi na asasi za kiraia katika shughuli za Jumuiya ile. Tatizo halimo kwenye zamu. Nchi yenye zamu inaweza kuleta majina matatu badala ya moja na zamu ikabaki palepale.

Addis Ababa kuna ushindani wa kweli, na Februari 2025 Waafrika Mashariki waliuona kwa karibu. Hayati Raila Odinga wa Kenya, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti na Richard Randriamandrato wa Madagascar waligombea uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Desemba 2024 walisimama kwenye mdahalo wa televisheni uliopewa jina la Kiswahili, Mjadala Afrika. Raila aliongoza mzunguko wa kwanza kwa kura 20 dhidi ya 18 za Youssouf, kisha akapitwa, akajitoa baada ya mzunguko wa sita. Mzunguko wa saba Youssouf alibaki peke yake akapata kura 33, ambazo ndizo hasa theluthi mbili ya nchi 49 zilizokuwa na haki ya kupiga kura. Nyingine zilikuwa zimesimamishwa uanachama baada ya mapinduzi.

Ukumbi ulikuwa na wapiga kura 49 tu, kila mmoja akishika kura ya nchi nzima, kwa siri. Mkenya, Mtanzania au Mkongo hawezi kujua kwa uhakika serikali yake ilimpa nani kura katika mzunguko wa nne, wala bunge lake haliwezi kuiuliza likapata jibu linalothibitika. Mdahalo uliwafanya wagombea waongee na Waafrika wote. Kura ikawarudisha kwa marais. Sharti la theluthi mbili nalo lina gharama: Julai 2016 mjini Kigali hakuna aliyelifikia, na mwenyekiti wa wakati huo, Nkosazana Dlamini-Zuma, akalazimika kubaki hadi Moussa Faki Mahamat alipochaguliwa Januari 2017.

Brussels utaratibu ni wa hatua mbili. Wakuu wa Nchi na Serikali hupendekeza jina wakizingatia matokeo ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya, kisha Bunge hulipigia kura, na jina lazima lipate zaidi ya nusu ya wabunge wote, si ya waliohudhuria tu. Maneno "wakizingatia matokeo" yamezua ugomvi mkubwa. Mwaka 2014 vyama viliwatangaza wagombea wao kabla ya uchaguzi, na Jean-Claude Juncker wa kambi iliyoongoza akapata kiti. Mwaka 2019 kambi hiyohiyo iliongoza tena ikiwa na Manfred Weber, lakini wakuu wakamweka pembeni na kumleta Ursula von der Leyen, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, ambaye hakuwa kwenye karatasi ya mpiga kura yeyote kama mgombea wa nafasi hiyo. Alipita kwa kura 383 ambapo 374 zilihitajika. Kura tisa tu za ziada. Bunge lilikuwa na uwezo wa kumkataa, na kwa sababu hiyo alilazimika kuzunguka kambi baada ya kambi akitoa ahadi. Mwaka 2024 alirudi akiwa mgombea aliyetangazwa na akapata 401.

Kinachofaa kuigwa zaidi kutoka Brussels, kwa maoni yetu, ni usaili wa makamishna. Kila anayependekezwa hujaza kwanza tamko la mali na maslahi yake, na kamati ya sheria hulikagua. Hujibu maswali kwa maandishi. Kisha hukaa mbele ya kamati ya sekta yake kwa saa tatu hadharani, akiulizwa na wabunge wa vyama vyote. Uamuzi wa kamati huhitaji waratibu wa vyama wanaowakilisha theluthi mbili ya wajumbe wake. Si maigizo: mwaka 2019 majina ya Hungaria na Romania yalikwama kwenye ukaguzi wa maslahi kabla hata ya usaili, na jina la Ufaransa, Sylvie Goulard, likakataliwa baada ya usaili. Nchi ilibaki na nafasi yake ikaleta mtu mwingine. Usaili wa aina hii unaweza kuishi pamoja na zamu ya Arusha bila kumnyang'anya mtu chochote.

Kuondoka

Hapa ndipo wengi wetu hatutazami, na ndipo palipo na mpini.

Machi 2024 serikali ya Kenya ilimteua Peter Mathuki, Katibu Mkuu wa Jumuiya, kuwa balozi wake nchini Urusi, ikapendekeza mtu mwingine kushika kiti. Muhula wa miaka mitano alioanza 2021 ulikuwa bado unaendelea. Juni mwaka huohuo Veronica Nduva aliapishwa kuumalizia. Tuache kama lilikuwa jambo jema au baya. Tutazame njia iliyotumika: mtendaji wa nchi zote wanachama aliondoka kwa hatua iliyoanzia kwenye mji mkuu mmoja. Wabunge wa Afrika Mashariki wanaweza kumhoji Katibu Mkuu, naye ni mjumbe wa Bunge kwa wadhifa wake, lakini Ibara ya 49 inawapa kujadili, kuidhinisha bajeti, kupokea ripoti za mwaka na za ukaguzi, na kupeleka mapendekezo kwa Baraza la Mawaziri. Neno ni mapendekezo. Hakuna palipoandikwa kwamba Bunge likisema "hatuna imani naye" chochote kitafuata.

Umoja wa Afrika uko nyuma zaidi. Wakuu wa Nchi ndio wanaoweza kusitisha muhula wa mwenyekiti wa Kamisheni. Bunge la Afrika lililoanza 2004 na kukaa Midrand, Afrika Kusini, ni la ushauri mpaka leo. Itifaki iliyopitishwa Malabo mwaka 2014 ingelipa mamlaka kidogo ya kutunga sheria, lakini inahitaji kuridhiwa na nchi 28 na idadi hiyo haijatimia. Chombo kisicho na nguvu huishia kugombania vyeo: Mei 2021 wabunge wake walifikia kusukumana na kurushiana ngumi ukumbini juu ya urais wa Bunge lenyewe. Hakuna zaidi la kusema hapo.

Sasa Ulaya. Bunge la Ulaya linaweza kuiondoa Kamisheni yote kwa pamoja. Hoja huletwa na angalau sehemu moja ya kumi ya wabunge, yaani 72 kati ya 720, na hupita ikipata theluthi mbili ya kura zilizopigwa ambazo pia ni zaidi ya nusu ya wabunge wote. Haijawahi kupita hata mara moja. Mtu anaweza kusema basi ni silaha ya mapambo. Historia ya 1999 inakataa.

Desemba 1998 Bunge lilikataa kuidhinisha hesabu za Kamisheni za mwaka 1996. Mtumishi wa ukaguzi wa ndani, Paul van Buitenen, alikuwa amewapa wabunge taarifa za ubadhirifu na upendeleo. Januari 1999 hoja ya kutokuwa na imani ilishindwa, lakini kama sehemu ya maelewano ikaundwa kamati ya wataalamu huru kuchunguza. Ripoti yao ilitoka Machi 15. Usiku huohuo Kamisheni nzima ya Jacques Santer ikajiuzulu, kwa sababu sasa kura zilikuwa zinahesabika na matokeo yalijulikana. Fuata mlolongo: hesabu zikakataliwa, hoja ikaletwa, uchunguzi ukafanyika, watu wakaondoka. Ukitoa kiungo cha pili, uwezo wa kupiga kura ya kuondoa, vilivyobaki vinageuka makaratasi. Afrika Mashariki tuna kiungo cha kwanza: Ibara ya 134 inaunda Kamisheni ya Ukaguzi yenye wakaguzi wakuu wa nchi wanachama, na ripoti yake hufika mezani kwa Bunge. Cha pili hatuna. Kwa hiyo kamati ya hesabu huandika mapendekezo, na mwaka unaofuata hulazimika kuuliza tena yaliishia wapi.

Jambo ambalo wanaotaka uchaguzi wa moja kwa moja hulisahau ni mpangilio wa miaka. Bunge la kwanza la Ulaya lilikutana Strasbourg mwaka 1952 likiwa na wajumbe 78 waliotumwa na mabunge ya kitaifa, kama wetu wa Arusha. Tangu siku hiyo ya kwanza lilikuwa na uwezo wa kuwaondoa watendaji kwa theluthi mbili. Wananchi walianza kuwachagua wabunge 1979. Kura ya kuidhinisha Kamisheni mpya iliingia kwa Mkataba wa Maastricht ulioanza kutumika 1993. Mpini ulitangulia, sanduku la kura likafuata baada ya miaka 27. Sisi tunaomba sanduku la kura kwa ajili ya bunge lisilo na mpini, na hofu yetu ni kwamba tutalipewa hivyohivyo: kampeni za nchi nane, gharama zake zote, halafu wabunge waliochaguliwa na mamilioni wakakae kuandika mapendekezo.

Pana hatari upande wa pili, na isifichwe. Bunge lenye uwezo wa kung'oa linaweza kuutumia vibaya. Desemba 2014 wabunge wa Afrika Mashariki walimwondoa Spika wao, Margaret Zziwa wa Uganda. Alikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na mwaka 2017 ikaamua kwamba Mkataba ulivunjwa katika namna alivyoondolewa. Kiti kilikuwa kimeshakaliwa na mtu mwingine zaidi ya miaka miwili. Funzo la kesi ile ni kwamba anayeandika mamlaka ya kuondoa aandike hapohapo sababu zinazokubalika, nani anachunguza, na mahakama itoe uamuzi ndani ya siku ngapi.

Mlango wa mahakama

Kwenye jambo hili Arusha imeishinda Brussels, na wengi hawajui.

Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu au taasisi, kupeleka shauri kupinga sheria, kanuni, maelekezo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama au cha chombo cha Jumuiya. Huhitaji kuonyesha kwamba wewe binafsi umeumia kuliko wengine. Huhitaji kumaliza mahakama za nchi yako kwanza. Ulaya mwananchi anayepinga uamuzi ambao haukuandikwa kwake lazima, kwa kawaida, athibitishe kwamba umemgusa moja kwa moja na kwa namna ya pekee, sharti ambalo tangu miaka ya 1960 limewarudisha wengi mlangoni. Kinachowasaidia Wazungu ni milango midogo ya pembeni: haki ya kuomba nyaraka, na afisa wa malalamiko ya umma ambaye mkazi yeyote anaweza kumwandikia ndani ya miaka miwili. Kwa njia ya nyaraka, Mei 2025 mahakama ilifuta uamuzi wa Kamisheni wa kulikataa ombi la mwandishi wa New York Times la kuona ujumbe wa simu kati ya von der Leyen na mkuu wa Pfizer kuhusu chanjo. Julai hoja ya kutokuwa na imani ikaletwa, jambo hilo likiwa miongoni mwa sababu. Ilishindwa kwa kura 175 dhidi ya 360, lakini rais wa Kamisheni alilazimika kusimama na kujibu.

Umoja wa Afrika hauna mlango kabisa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu hushughulikia nchi. Femi Falana, wakili wa Nigeria, alijaribu kuushtaki Umoja wenyewe, na mwaka 2012 Mahakama ikaamua kwamba Umoja si mwanachama wa Itifaki iliyoiunda Mahakama hiyo, hivyo hauwezi kushtakiwa pale. Kosa tunaloliona mara nyingi linaanzia hapa: Mahakama hiyo na ile ya Jumuiya zote ziko Arusha, na watu huzichanganya. Mtanzania anayepeleka leo shauri jipya binafsi kwenye Mahakama ya Afrika atakwama, maana Tanzania iliondoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kuishtaki huko, notisi ikitolewa Novemba 2019 na kuanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Rwanda ilitangulia 2016. Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haihitaji tamko hilo.

Kinachoua mashauri mengi ya Jumuiya ni muda. Ibara ya 30(2) inatoa miezi miwili tangu kitendo kifanyike, au tangu mlalamikaji alipokijua. Kitengo cha Rufani cha Mahakama ya Jumuiya kimeshikilia kwamba Mkataba hauipi Mahakama uwezo wa kuuongeza muda huo, na kwamba hoja ya "ukiukwaji bado unaendelea" haiufungui upya. Chukua uamuzi uliotangazwa Novemba 30, tarehe ambayo Mkataba ulisainiwa 1999 na ambayo mikutano ya wakuu hupenda kuizunguka. Mwisho wako ni Januari 30. Katikati pana Krismasi, mwaka mpya na wanasheria walio likizo. Anayeanza kwa kuandika barua ya malalamiko na kungoja jibu, au anayefungua kesi Nairobi au Kampala kwanza akidhani ndiyo adabu, huamka Februari mlango ukiwa umefungwa.

Kwa hiyo siku ya kwanza chapa tamko la mkutano au tangazo lenye tarehe, ulihifadhi pamoja na ushahidi wa siku uliyolipata. Amua mdaiwa: kitendo cha chombo cha Jumuiya, mdaiwa ni Katibu Mkuu, cha nchi, ni Mwanasheria Mkuu wa nchi hiyo. Taja ibara zilizovunjwa kwa namba. Ibara ya 6(d), inayobeba utawala bora, demokrasia na uwajibikaji, na ya 7(2) hutumika sana. Ambatanisha kiapo. Kama kitendo kinaweza kukamilika kabla ya hukumu, omba zuio la muda chini ya Ibara ya 39 palepale, usingoje. Peleka Arusha au kwenye masjala ndogo za Mahakama zilizopo katika miji ya nchi wanachama. Soma pia Ibara ya 30(3): jambo ambalo Mkataba umeliachia chombo cha nchi mwanachama, Mahakama haina mamlaka nalo, na mawakili wa serikali huanzia hapo.

Miezi hii miwili haikuwepo mwanzo. Mwaka 2006 Kenya ilipeleka Arusha majina tisa ya wabunge yaliyopitishwa na kamati ya shughuli za Bunge, bila wabunge kupiga kura. Anyang' Nyong'o na wenzake kumi wakashtaki wakisema Ibara ya 50 inasema "watachaguliwa". Novemba 27 Mahakama ikazuia tisa hao wasiapishwe. Wakuu wa Nchi hawakungoja hukumu. Katikati ya Desemba walisaini marekebisho ya Mkataba: Mahakama ikagawanywa vitengo viwili, sababu za kuwaondoa majaji zikapanuliwa, na kikomo cha miezi miwili kikaingizwa. Machi 30, 2007 majaji walihukumu hata hivyo kwamba kilichofanyika Kenya hakikuwa uchaguzi, na Kenya ikabidi ibadili kanuni zake. Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki kikayapinga marekebisho yale, na mwaka 2008 Mahakama ikakubali kwamba kuubadili Mkataba bila kuwashirikisha wananchi kulikwenda kinyume na misingi yake. Haikuyafuta. Kikomo kipo hadi leo, kikizaliwa na hasira dhidi ya hukumu ya haki.

Na bado Arusha ilinusurika. Mahakama ya SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ya Windhoek iliihukumu Zimbabwe mwaka 2008 katika kesi ya ardhi ya Mike Campbell, na mwaka 2010 wakuu wa nchi wakaisimamisha yote.

Fedha

Kwa ufupi: Ibara ya 132 ilijenga bajeti ya Jumuiya juu ya michango sawa ya nchi na misaada, na nchi zimekuwa zikichelewesha michango mara kwa mara hadi vikao vya Bunge kuahirishwa. Serikali isiyopenda maswali haihitaji kulivunja Bunge; inatosha isilipe. Muswada nao, hata ukipita bungeni, huhitaji saini ya kila Mkuu wa Nchi, na mmoja akikataa mara ya pili unakufa.

Uchague nini

Mwenye lalamiko leo, nenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na nenda mapema. Ombi kwa Bunge la Afrika Mashariki lifuate sambamba kama njia ya kelele ya halali. Lisichukue nafasi ya shauri, maana haliisimamishi saa.

Anayetoa maoni ya katiba, sisi tungechukua zamu ya Arusha, mdahalo wa Addis Ababa, usaili na mpini wa Brussels, na tusingeugusa mlango wa Ibara ya 30 isipokuwa kuupanua. Kiwango cha kung'oa kihesabiwe kwa nchi zetu, kisinakiliwe. Nchi nane zikiwa na wabunge tisa kila moja ni wabunge 72. Theluthi mbili ni 48. Nchi tano zikiungana zina 45, hazitoshi. Nchi mbili zikigoma haziwezi kumkinga kiongozi, nchi tatu zinaweza. Huo ni uwiano mzuri. Ila sharti la sehemu moja ya kumi la Ulaya hapa lingekuwa wabunge wanane, na ujumbe wa nchi moja ungeweza kuleta hoja peke yake kila inapogombana na Katibu Mkuu. Ombeni saini za wabunge kutoka nchi zisizopungua tatu. Kura iwe ya siri maadamu wabunge wanategemea vyama vya nyumbani kuwarudisha. Iwe ya wazi siku wananchi watakapowachagua wenyewe.

Maneno ya kuwasomea wataalamu yanaweza kuwa haya: "Nchi yenye zamu italeta majina yasiyopungua matatu, angalau moja la mwanamke. Bunge litawasaili hadharani na kupiga kura. Bunge linaweza kumwondoa Katibu Mkuu kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kwa sababu zilizoandikwa, baada ya uchunguzi wa watu wasiotia saini hoja. Nchi aliyotoka haitamwita nyumbani kabla ya muhula kwisha. Mahakama itaamua pingamizi ndani ya siku 60. Kikomo cha kufungua shauri kiwe miezi sita."

Yakabidhini pia kwa maandishi, na kuomba nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.